Mkeo Amepima Mara Mbili, Wewe Je?

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nimeoa miaka minne iliyopita. Mwaka wa kwanza mke wangu alishika mimba, ikaharibika ikiwa changa, na tangu hapo kimya. Kwa hiyo uwezo wangu umeshathibitika. Tatizo ni homoni zake: kila mwezi, siku tatu nne kabla ya hedhi, ananuna na kulia ovyo, kisha hedhi inakuja siku ileile ya 28. Amepimwa mara mbili, daktari anasema hana tatizo, ila mimi siamini. Mimi ni mzima. Nanyanyua vyuma, na kocha ananichoma testosteroni kila wiki, huu mwaka wa pili. Kifua kimejaa mpaka chuchu zinauma. Mama anasema nimrudishe kwao. Nifanyeje? Ni mimi, Dume Bila Mtoto."

Marahaba mwanangu. Pole kwa mimba ile; huwauma wote wawili, hata yule anayejikaza. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara naona unamshtaki asiyehusika.

Hebu tuhesabu. Mimba ilishika mwaka wa kwanza. Sindano zikaja baadaye. Tangu zianze, hakuna kitu. Yote haya umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe, kisha ukamnyooshea kidole mkeo. Nyani haoni kundule.

Testosteroni, homoni ya kiume, hutengenezwa ndani ya korodani, na malighafi yake ni kolesteroli, mafuta yaleyale watu wanayoyaogopa. Lakini korodani hazijiamulii. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, inayotuma ishara kwa vipindi kwenye tezi ya pituitari. Pituitari nayo humwaga homoni mbili kwenye damu: LH, inayoamuru korodani zitengeneze testosteroni, na FSH, inayozihimiza seli zinazolea mbegu. Ubongo hauachi kupima. Testosteroni ikipungua kwenye damu, amri huongezwa. Ikizidi, amri hupunguzwa.

Sasa kocha anakuchoma sindano. Ubongo unakuta damu imefurika, unanyamaza. LH inashuka, FSH inashuka, korodani zinalala. Ili mbegu zikue, testosteroni iliyomo ndani ya korodani inatakiwa iwe mara nyingi zaidi ya ile ya kwenye damu, na sindano ya bega au tako haiwezi kuifikisha huko. Ndiyo maana misuli inatuna huku mbegu zikikauka. Usidhani ni maneno ya Shangazi tu. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu testosteroni, miligramu 200 kila wiki, kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990: zaidi ya nusu ya wanaume wale hawakubakiwa na mbegu hata moja kwenye manii. Wewe unazuia mimba kila wiki, halafu unamuuliza mkeo kwa nini hashiki!

Na hizo chuchu zinazouma si lazima iwe misuli. Mwili una kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Ukijaza ya ziada, nyingine hugeuzwa, na titi la mwanamume huanza kuvimba. Kuna jambo jingine hukuliandika: korodani zako zimepungua ukubwa? Nadhani jibu unalo.

Tuje kwa mkeo, unayesema homoni zimemvuruga. Hedhi ya siku 28 bila kuteleza kwa kawaida ni dalili kwamba mayai yanapevuka. Yai likishatoka, ganda lililoliacha hugeuka tezi ya muda na kutoa projesteroni, inayotayarisha mji wa mimba kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Mgeni asipokuja, baada ya takriban siku 14 tezi hiyo hunyauka, projesteroni na estrojeni zinashuka, hedhi inatoka. Ni katika siku hizo za kushuka ndipo wanawake wengi hununa au kulia. Unachokiita mvurugiko ni mwili unaofuata ratiba yake. Tena ana sababu yake ya kulia: kila hedhi inamwambia hakuna mtoto, na kitandani amelala na mume asiyemwamini yeye wala daktari wake.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Mtu anautengeneza mwili ili utazamwe na wageni, na wa ndani ya nyumba hajui anachochomwa. Je, mkeo anajua kuhusu sindano hizi? Barua yako haisemi, na kwa unavyoandika nahisi hajui. Akienda kupimwa, anakwenda peke yake. Ukisikia neno kupima, wewe unajificha nyuma ya misuli. Mficha uchi hazai, mwanangu, na wazee waliosema hivyo hawakuwa wakimsema mwanamke peke yake.

Wiki hii nenda kwa daktari wa uzazi, ubebe na chupa ya dawa uliyochomwa. Apime manii, apime LH, FSH na testosteroni. Sindano ya kocha iachwe. Huenda kwa muda utachoka na hamu itapungua, kwa sababu korodani zako bado zimelala. Usirudi kwa kocha akupe kitu cha kuziamsha, daktari anazo dawa za kazi hiyo. Wapo wanaume wanaopungukiwa testosteroni kwa ugonjwa, na hao huandikiwa kwa vipimo, lakini hata wao huulizwa kwanza kama bado wanataka watoto.

Usitegemee mwezi ujao. Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kukomaa, tena ni baada ya ubongo kuanza upya kutoa amri. Wengi hurudi katika miezi sita hadi mwaka, wengine huchukua hata miaka miwili. Umri wa mkeo nao unasonga, kwa hiyo usipoteze hata wiki.

Kabla ya kwenda huko, mweleze mkeo habari za sindano, zote, tangu ya kwanza. Kisha mwite mama yako umwambie kwamba anayekwenda kupimwa sasa ni wewe. Mkeo awepo, asikie kwa masikio yake.