Waondoe wavuvi ziwani: kwa mnaoanza somo la utunzi

Wadogo zangu mnaoanza somo la utunzi mwaka huu, hadithi fupi ya kwanza niliyoiandika hapa chuoni Kigoma ilianza hivi: "Mwezi mpevu uling'ara juu ya Ziwa Tanganyika huku wavuvi wakivuta nyavu zilizojaa dagaa." Niliipenda sentensi ile. Mimi nimekulia Urambo, kwenye tumbaku, na siku treni iliponifikisha Kigoma nikaliona ziwa, niliamini kwamba hapa ndipo hadithi zinapotoka.

Tuliposomeana darasani, kaka mmoja mwenyeji wa Ujiji aliniuliza kwa upole: "Dada, mwezi mpevu hao wavuvi walikuwa wanavua nini?"

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze jambo ambalo mtoto yeyote wa mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, analijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga ndio unaowavuta waje juu, wakusanyike, wavu uwazoe. Mwezi ukijaa, ziwa zima lina mwanga na taa inakosa nguvu. Basi siku hizo wavuvi hupumzika. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa nyufa, watu wanasubiri giza lirudi.

Nilitaka kuufuta mwezi niweke giza, nimalize. Mkufunzi akakataa. "Mwezi uache," alisema. "Waondoe wavuvi ziwani."

Maneno hayo mawili matatu yamenifundisha kuliko daftari zima la nadharia. Kama wavuvi hawapo ziwani, wako wapi? Wako nyumbani. Na kama hawavui, nyumbani kunaliwa nini? Jumamosi nikashuka Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, nikakaa na akina mama wanaoanika dagaa. Vichanja vilikuwa vitupu. Mmoja alikuwa anahesabu kwa vidole siku zilizobaki mwezi upungue, maana mwenye duka alishampa unga kwa mkopo na hakuwa tayari kuongeza. Hadithi yangu ikahamia pale: mwanamke, mume aliyeshinda nyumbani siku ya tano, kichanja kitupu, na mwezi mzuri kabisa ambao mwanamke huyo anauchukia. Sikuhitaji tena kutunga mgogoro, ulikuwa umekaa ndani ya ukweli ambao sikuwa nimeuuliza.

Ilichukua rasimu nne. Rasimu ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu nilitaka kuonyesha kila nilichokiona Kibirizi: harufu, kunguru, boti za kwenda vijijini, bei ya ndoo. Katika rasimu ya tatu nilibakiza tu vile ambavyo mwanamke yule angevitazama akiwa na deni. Kunguru walibaki, kwa kuwa walikuwa wanazunguka juu ya kichanja kisicho na kitu. Boti zikaondoka.

Kwenye insha mtakutana na tatizo lilelile likiwa limevaa nguo nyingine. Shuleni tulizoea kuanza na methali, kisha maana ya mada, kisha faida na hasara, kisha "kwa kumalizia". Ukileta hiyo hapa utaulizwa hoja yako iko wapi. Insha yangu ya kwanza ilisema Ujiji ni mji wenye historia kubwa. Pembeni mkufunzi aliandika neno moja: "Kwa hiyo?" Alikuwa sahihi. Hakuna mtu atakayebisha kwamba Ujiji ina historia, na jambo lisilobishika halihitaji kurasa tatu za kulitetea.

Nikaandika upya: reli ndiyo iliyoitoa biashara Ujiji ikaipeleka Kigoma. Hapo nikawa na kitu cha kusimamia. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa na kituo chake Ujiji, na ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871. Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914, ilifikia Kigoma, na mizigo ikafuata reli. Nikaona nimeshinda.

Kaka yule wa Ujiji akainua mkono tena. Akasema ziwa lenyewe liliikimbia Ujiji kabla ya reli: baada ya 1878 mto Lukuga, unaoyatoa maji ya ziwa upande wa Kongo, ulifungua njia yake, maji yakashuka, na ufuko ukasogea mbali. Ukienda leo kwenye mnara wa kumbukumbu wa Livingstone, utaona ni mwendo kutoka hapo hadi majini. Usiku ule sikulala vizuri, lakini nilimpa aya nzima. Nilieleza hoja yake kwa nguvu zote, kama angeieleza mwenyewe, kisha nikaipunguza ya kwangu: maji yalianza, reli ikakamilisha. Insha ikawa fupi zaidi na ngumu zaidi kuiangusha. Ndugu zangu, mpingaji wa namna hiyo mkimpata darasani, kaeni naye karibu.

Mengine ni ya haraka. Aya ya kwanza iandikwe mwisho, ukishajua umesema nini. Soma kazi yako kwa sauti, hata kama wenzako wa bweni watakutazama. Pale ulimi unapojikwaa ndipo sentensi imekaa vibaya. Mazungumzo ya wahusika yasikike kama watu wa huko wanavyosema. Chochote ulichokitoa kwa mwingine, taja ulikokitoa. Mwenzako akisoma kazi yako na kuikosoa, andika alichosema na usimjibu siku hiyohiyo. Mimi nilijibu mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Jambo moja nililichelewesha, na linaniuma. Muhula wa kwanza wote niliandika ziwa, nikidhani kwetu hakuna kitu. Mkufunzi aliniuliza siku moja: "Kwenu usiku watu wanafanya nini?" Nikamjibu kwamba msimu wa kukausha tumbaku baba halali, anakesha kwenye bani, kibanda cha kukaushia majani kwa moto. Moto ukizidi majani yanaharibika, ukififia pia yanaharibika, na ndani ya bani kuna kazi ya mwaka mzima. Mimi nilikuwa nampelekea uji usiku wa manane. Nilijua sauti ya kuni mbichi, nilijua anavyoweka kiganja ukutani kusikiliza joto. Nilipomaliza kusimulia, mkufunzi alikuwa ameshanisukumia karatasi tupu.