Praima iliyonyeshewa wiki mbili: nipulize rangi juu yake?

Swali: Habari za kazi, fundi. Niko Nyalenda, Kisumu. Nilipuliza praima, ile rangi ya chini ya kutangulia, kwenye Probox yangu hapa uani, kisha pesa ya rangi ikakosekana. Gari limelala nje wiki mbili na mvua imelipiga. Sasa rangi ninayo. Nipulize tu, au nirudie praima? Jirani ananishauri nilipanguse kwa petroli kwanza.

Jibu: Njema, ndugu yangu. Petroli iache tangini. Huacha utando wa mafuta, na juu ya mafuta rangi hukimbia na kuacha vishimo.

Shida yako ni maji. Praima haizibi kama rangi. Hunywa unyevu, ukafika kwenye bati na kutu ikaanza chini kwa chini. Ukifunika hivyo, malengelenge yatakutembelea baadaye. Osha gari kwa sabuni kabla ya kushika msasa, la sivyo utasugulia uchafu ndani ya mikwaruzo. Lianike siku mbili tatu za jua, usiku liwe chini ya paa. Penye madoa ya kahawia, kwangua mpaka bati ling'ae.

Halafu ijue praima yako. Lowesha kitambaa cheupe kwa thina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, usugue sehemu moja kwa dakika nzima. Ikilainika na kupaka kitambaa rangi, haina hadena, ile dawa ya kuigandisha. Thina ya rangi mpya inaweza kuipenya na kuikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Mimi ningeiondoa yote, hata kama roho inauma. Ikikaa imara, ilichanganywa na hadena na imeshakomaa. Hiyo ni nzuri, ila rangi haitaing'ata bila mikwaruzo. Muda wa kupaka juu yake bila msasa umeandikwa kwenye mkebe, na kwa wiki mbili hakika umeupita.

Puliza vumbi jembamba la rangi nyeusi juu ya praima, kisha piga msasa namba 400 ukiwa umeuzungushia kibao. Weusi unaobaki unakuonyesha mabonde. Malizia kwa namba 600 na maji, lakini palipo na puti (ule udongo wa kujazia mabonde) wazi usipeleke maji kabisa. Bati au puti ikitokeza, hapo rudia praima: mikono miwili myepesi, yaani tabaka mbili, ukingoje kati yake dakika 10 hadi 15 mpaka mng'ao ufe. Vikitokeza vipande vingi kwenye mlango mmoja, rudia mlango mzima.

Anza kupuliza saa tatu au saa nne asubuhi. Alasiri mawingu ya ziwani hayana adabu, na jioni ukiwasha taa, wale wadudu wa ziwa watajibandika kwenye rangi mbichi kama ufuta.

Kama rangi yako ni ya hadena, kitambaa puani hakikusaidii kitu. Mvuke wake una aisosaineti, kemikali ya hadena inayoweza kukuachia pumu. Msasa piga mwenyewe, kisha mpelekee gari fundi mwenye chumba cha kupulizia na barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira.