Mwanza hadi Bukoba kwa Ndege: Usihesabu Dakika za Angani Peke Yake

Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi wa Bukoba, kwa mstari ulionyooka, ni kilometa 175 hivi, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni maji ya Ziwa Victoria. Anayesafiri kwa barabara huzunguka kusini mwa ziwa kupitia Sengerema, Geita na Biharamulo, mwendo wa zaidi ya kilometa 400, na ingawa Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, safari hiyo bado humaliza sehemu kubwa ya siku. Ndiyo maana ratiba ya ndege inayosema dakika 45 humvutia kila mtu.

Ndege ya pangaboi aina ya ATR 72, ikishatulia angani, hukimbia takribani kilometa 500 kwa saa, hivyo kwa hesabu ya darasani kilometa 175 zingekwisha kwa dakika 21. Lakini njia fupi haiipi ndege nafasi ya kukimbia, kwa sababu hujongea hadi njia ya kurukia, hupanda, hutulia kidogo, na mara huanza kushuka. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilometa 850 hivi, karibu mara 5 ya umbali huo, na bado ndege ya jeti hutumia kama saa moja na nusu tu.

Hesabu hiyo niliijua vizuri, na bado nilikosa maziko ya mjomba wangu huko Muleba. Ndege ilikuwa iondoke saa 2:00 asubuhi na maziko yalipangwa saa 8:00 mchana, nikaona muda unanitosha kabisa. Asubuhi hiyo wingu zito lilikuwa limelala juu ya ziwa upande wa Bukoba, tukakaa ukumbini tukisikiliza tangazo baada ya tangazo, hadi tuliporuka saa 6:30. Tulipotua ndipo uzito wa jambo jingine uliponiingia: Muleba iko kusini mwa Bukoba, karibu kilometa 70, kwa hiyo ilinibidi nirudi nyuma kwa barabara. Nilipofika kibanjani, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa na udongo ulikuwa bado mbichi chini ya migomba. Mama alinishika mkono, hakusema neno.

Simlaumu rubani aliyesubiri. Uwanja wa Bukoba uko ukingoni kabisa mwa ziwa, na tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka majini ikikaribia kutua hapo katika hali mbaya ya hewa, watu 19 wakafariki. Kusubiri huko ni sehemu ya safari, na anayepanga safari lazima akuhesabu.

Kwa hiyo, mwenye jambo lisilomngoja, iwe maziko, harusi au kesi mahakamani, asafiri siku moja kabla. Aliyeko Mwanza mjini akumbuke pia kwamba uwanja uko kama kilometa 10 kutoka katikati ya jiji, na foleni ya Pasiansi haijali saa ya tiketi yako. Anayekwenda Muleba, kama mimi siku ile, aulize kwanza ratiba ya meli ya MV Victoria, ambayo haiondoki kila siku lakini husafiri usiku na kutia nanga Kemondo kabla ya Bukoba, na kutoka Kemondo barabara ya Muleba ni fupi zaidi kuliko kutoka uwanja wa ndege.