Joto la Januari: Shangazi anajibu maswali yenu

SWALI: Shikamoo shangazi. Nakaa Tandika, Januari hii imenimaliza, ada nimelipa kodi nimelipa, mfukoni imebaki nauli, alafu kaskazi ndo hilo, feni inapuliza moto tu. Jumapili nalala na simu mpaka bando linaisha. Hivi Dar hii kuna starehe gani bila kwenda kukaa baa?
Kijana wa Tandika

JIBU: Marahaba mwanangu. Yani unakaa mji wenye bahari alafu unaniuliza starehe! Najua utasema ufukwe wa Coco ulishaenda ukakuta mawe matupu ukageuza, sawa, ila ulienda saa ngapi? Bahari ina saa zake, sisi tunaenda kwa saa zetu ndo maana tunarudi tumenuna. Iko hivi: mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndo bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, na hapa Dar siku hizo maji yanajaa kama saa kumi jioni hivi, saa nne asubuhi yamekupwa kabisa mpaka unaona kinamama kule mbali wameinama wanachokoa pweza. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ikipita wiki mambo yamegeuka, saa kumi ndo yametoka, na hayajai sana wala hayatoki sana, hayo ndo maji mafu. Sasa we angalia mwezi tu, haula bando.

Jumapili iliyo karibu na mwezi mpevu, jua la saa saba liache lipite, toka saa nane unusu uende Kigamboni kwa pantoni. Usikimbilie kiti, simama pembeni kabisa upepo ukupige, mimi hapo starehe yangu imeshaanza. Saa kumi uko ndani ya maji na jua halichomi tena. Vaa yeboyebo, chini kuna miiba, na kama kuogelea hujui ishia kiunoni, maji yakianza kutoka yanavuta. Ukitoka humo muhogo wa kukaanga na kachumbari na pilipili utakuwa mtamu kuliko nyama, sijui kwa nini ila ndo hivyo.

SWALI: Shangazi mimi mama wa watoto watatu, Tabata. Mchana nyumba yangu imekuwa tanuri, jikoni sitamani hata kuingia. Nataka kitu kidogo tu cha kwangu mwenyewe, cha kwenda beach na watoto watatu usiniambie.
Mama Tabata

JIBU: Sikwambii ng'o! Pole mama. Msimu wa maembe bado upo ila unaelekea ukingoni, kwa hiyo usilaze damu. Dodo waachie watoto wachafuke nje huko, we tafuta embe mbichi ile ngumu inayolia kwenye meno, kata vipande, chumvi na pilipili ya unga. Na ukwaju roweka usiku, asubuhi ukamue kwa mkono uchuje, sukari kiasi na tangawizi, uweke kwenye friji na umeme ukikatika basi mtungini, ladha ya maji ya mtungi mi naipenda hata zaidi. Jioni ukishaoga, khanga yako, kibarazani, glasi mkononi, na uwatangazie kabisa kwamba nusu saa hii mama hayupo.

Kingine, kama una ndoo iliyopasuka itie udongo na samadi umwage mbegu za mchicha, wiki 3 mpaka 4 unachuma. Mboga yenyewe ni bonasi, mi napendea ile kumwagilia jioni, udongo uliokauka ukipata maji unavyonukia.

SWALI: Nina miaka 26, ni binti, natamani kujua bao ila pale kijiweni wazee tupu. Nitaonekanaje?
Wa Temeke

JIBU: Utaonekana mtu anayetaka kujua bao, basi. Wazee wanapenda sana kufundisha ila wanaoombwa ni wachache. Kwanza kaa utazame tu siku kadhaa. Kete ziko 64, kila mtu 32, mnaanza 10 zimepangwa ubaoni na 22 za mkononi, hizo mnaziingiza moja moja na hapo ndo kunamua, zikiisha mkononi mnaingia mtaji, yani mnacheza na zilizo ubaoni tu. Angalia sana lile shimo linaloitwa nyumba, lenye kete 6, wanaoanza huwa wanaivunja, yani wanazisambaza kete zake, mapema kwa tamaa ya kula wanabaki wazi. Nenda alasiri, kivuli kimekaa vizuri na wazee wameshaamka usingizini. Salimia wote, shikamoo moja moja usiruke mtu, mchague yule asiyepiga kelele umwambie babu naomba unielekeze kunamua. Kahawa na kashata siku hiyo juu yako.