Gari imetembea laki tatu, inakula oili na inagoma asubuhi: usikimbilie kufungua injini

Mkuu, umesema gari yako imepita kilomita 300,000, oili inapungua, asubuhi stata inazunguka kivivu, taa ya injini imewaka, na fundi keshakwambia ufungue injini au utafute ya mtumba. Usifungue kitu kwanza. Mi naendesha gari ambayo dashibodi imeshaipita hiyo yako, kazi nyingi nazifanya mwenyewe nyumbani, na kwa nilichokiona, kwenye gari za umri huu injini ndo inatakiwa iwe ya mwisho kulaumiwa. Vinavyotangulia kufa ni raba, plastiki na nyaya: hozi zinakakamaa zinapasuka, sili zinakauka, waya unaoza ndani kwa ndani, alafu dalili zake ukiziangalia juu juu zinafanana kabisa na za injini iliyochoka.

Anza na stata maana hiyo inataka multimita tu (kile kifaa cha kupima umeme). Gari ikiwa imelala usiku mzima, pima betri kabla hujawasha. Iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 ina kama nusu ya chaji, 12.0 kushuka chini hesabu haina kitu, ichaji kwanza ndo uendelee. Alafu mtu akupigie stata (gia iwe P au huru, hendibreki juu), betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6 wakati inazungusha, hiyo betri imechoka. Ikishawaka, kwenye gari nyingi utasoma kati ya 13.8 na 14.5, hapo alteneta haina tatizo.

Sasa vyote hivyo vikiwa sawa na stata bado mvivu, hapa ndo watu wanabadilisha stata bure. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya negativu ya betri, nguzo yenyewe sio klampu yake, ncha ya pili iguse chuma kitupu cha blok (mwili wa injini), mtu apige stata tena. Inatakiwa usome kidogo sana, ikizidi nusu volti ujue umeme unapotelea kwenye waya wa athi (ule unaounganisha negativu ya betri na injini). Wangu ulikuwa unasoma zaidi ya volti moja, na kwa nje waya ulikuwa msafi tu huwezi kuudhania, ila nilipouchana karibu na klampu nikakuta shaba ya ndani imeshageuka unga wa kijani, ukiuminya unamwagika. Nikafunga waya mpya mnene, nikakwangua chuma pale unapofungwa kwenye blok mpaka kikang'aa, na stata ni ile ile mpaka leo.

Oili. Hapa nataka namba maana "inapungua" kila mtu gari yake inapungua. Paki sehemu tambarare, injini ipoe, jaza mpaka alama ya juu ya dipstiki, andika kilomita, alafu pima kila unapojaza mafuta. Kwenye gari nyingi kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja. Kuna watengenezaji wanaoandika kwenye kitabu cha gari kwamba hata lita moja kwa kilomita 1,000 bado ni kawaida, binafsi naona hiyo ni nyingi mno, lakini kama wewe unaongeza lita moja kati ya sevisi na sevisi, nunua galoni uweke kwenye buti uendelee na maisha.

Ukikuta ni nyingi, jua kwanza inavuja au inaungua. Tandika boksi chini ya injini usiku, osha injini vizuri, endesha, alafu tafuta unyevu kuanzia JUU, maana oili inateremka, na gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) ikivuja watu wanakuja kulaumu sili ya chini. Kama inaungua, angalia moshi wa buluu unatoka saa ngapi. Ukitoka ukiwasha tu baada ya gari kulala alafu unakata, mara nyingi ni valvu sili (raba zinazozuia oili isipenye kwenye valvu kuingia silinda). Ukitoka ukikanyaga mafuta, hapo fikiria ringi (pete za pistoni).

Ila kabla ya ringi kuna kidude watu wengi hawakijui, valvu ya PCV. Kazi yake ni kuvuta hewa chafu ya ndani ya injini irudi ikaunguzwe, na kwenye gari nyingi imechomekwa kwenye tapeti kava na kahozi kembamba. Ikiziba, presha inajaa ndani inatafuta pa kutokea, inasukuma oili kwenye kila sili iliyochoka, na ikigandia wazi inanyonya oili kuipeleka kwenye njia ya hewa ikaungue. Ichomoe uitikise sikioni: nyingi zikiwa nzima zinalia kalakala kalakala, zikiwa kimya zimeganda na masizi. Kuna gari imejengewa ndani ya kava hiyo huwezi kuitikisa, lakini nyingi za zamani ni ya kuchomoa kwa mkono. Badilisha na kahozi kake hapo hapo maana nako katakuwa kamekauka.

Ukimaliza hayo na oili bado inaenda, ndo upime kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa). Silinda ikisoma chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana ni ringi, ikibaki pale pale tazama valvu au gasketi ya hedi. Hapo sasa fundi akisema tufungue, mna kitu cha kuongea.

Taa ya injini: hujasema kodi, yaani namba ya hitilafu ambayo kimashine cha kusoma kompyuta ya gari kinaitoa. Usikubali mtu aifute kabla hujaiandika, na kodi sio jina la spea! P0171 inamaanisha hewa ni nyingi mno kwa mafuta yanayoingia kwenye injini, watu wakiiona wanakimbilia kununua sensa ya oksijeni wakati sensa ndo iliyotoa taarifa. Kwa gari yenye umri kama yako ningekunja kunja hozi zote kati ya eya klina na injini nikitafuta nyufa kwenye mikunjo, zikiwa zimetulia hazionekani. Kama kimashine chako kinaonyesha fuel trim (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza), ikiwa juu kwenye sailensi (injini inawaka bila kukanyaga) alafu ikashuka ukishikilia 2,500 rpm, kuna sehemu inanyonya hewa. Ikizidi kupanda kadri unavyokanyaga, angalia pampu ya mafuta, filta, au sensa ya hewa imechafuka. Ikiwa ni P0301, injini inamisi silinda ya kwanza, hamisha koili yake (inayoipa plagi moto) iende ya pili, na kodi ikigeuka P0302 umeshampata mwizi bila kununua chochote.

Joto sijaona umelalamika, niseme tu kwamba ikipanda kwenye foleni na kushuka ukitembea, angalia feni, ikipanda kwenye mwendo ni rejeta imeziba au wota pampu. Mfuniko wa rejeta usiguse kama bado ya moto. Na ukiingia chini weka stendi, jeki peke yake hapana, hata kama ni dakika moja.

Kuna wanaosema giaboksi ya otomatiki ikizeeka usimwage oili yake, mi sikubaliani, ila usiiflashi (kusukuma yote itoke) kwa mashine. Mwaga inayotoka, jaza kiasi kile kile cha aina iliyoandikwa kwenye kitabu, tembea, rudia baadaye, maana ukimwaga mara moja sehemu kubwa inabaki kwenye konveta (kile kipande kinachounganisha injini na giaboksi). Kama ilishaanza kuteleza gia usitegemee oili mpya iiponye.

Lete kodi, volti za athi, na useme moshi unatoka asubuhi au ukikanyaga.