Maswali ya Wasomaji: Joto la Diski, Feni na Baridi ya Njombe

Maswali mengi wiki hii yanahusu drivetemp, ile draiva ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux inayosoma joto la diski. Nimechagua matano.

Fundi, seva ya shule yetu inaonyesha joto la diski ni 38000. Nizime? (Mwanjelwa, Mbeya)

Namba hiyo iko kwa elfu za nyuzi, gawanya kwa 1000. Ni nyuzi 38, joto la kawaida. Hii ni mara ya tatu nalijibu swali hili. Someni majibu yaliyopita kabla ya kuandika.

Shikamoo Fundi. Nikiandika amri ya sensors naona joto la prosesa tu, diski haimo. (Mafinga)

Marahaba. Moduli ya drivetemp haijapakiwa. Andika sudo modprobe drivetemp, kisha sensors tena. Unahitaji kerneli 5.6, iliyotoka 2020, au mpya zaidi. Kwa diski ya NVMe (aina ya SSD ya kasi) usihangaike, draiva yake yenyewe hutoa joto. Diski ya nje ya USB mara nyingi haitaonekana. Hiyo ipime kwa smartctl, programu ya kusoma hali ya diski.

Guenter Roeck, aliyeandika drivetemp, alitutua mzigo mkubwa. Zamani programu ya hddtemp ilitaka mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) ili isome namba moja tu, na bado naingia kwenye maduka ya steshenari nakuta kila kijana wa zamu amepewa nywila ya root "aangalie joto". Nywila hiyo ibadilisheni leo.

Mbona sioni kasi ya feni ya diski? (Kihesa, Iringa)

Diski haina feni. Feni ni ya kasha, na kasi yake husomwa kupitia chipu ya ubao mama, kwa draiva kama nct6775 au it87. Ukiona 0 na feni inazunguka, hesabu nyaya zake: yenye nyaya mbili haina waya wa kupeleka taarifa ya kasi.

Huku kwetu Juni tunavaa makoti mawili. Seva ya nakala za mauzo ya viazi inahitaji feni kweli? (Njombe)

Inahitaji. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Feni ikizunguka kwa kasi ileile, inabeba joto pungufu. Baridi inakusaidia, lakini si kwa kiasi unachodhani, hasa seva ikiwa kabatini na mlango umefungwa. Na ukiitoa kwenye gari asubuhi ya baridi ukaiingiza chumba chenye joto, iache saa kadhaa kabla ya kuiwasha, maana umande huingia ndani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo nakala. Ziko kwenye diski moja? Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye vipimo vinne vyenye uzito mkubwa vya SMART (mfumo wa diski kujipima afya yenyewe), na diski zenye baridi hazikuishi zaidi ya zenye joto la wastani. Napokea barua za watu walionunua feni tatu huku hesabu za miaka mitano ziko mahali pamoja. Nunua diski ya pili kwanza, uiweke nyumba nyingine. Feni baadaye.

Tangu niweke skripti ya kusoma joto kila dakika, diski yangu hailali. (Kyela)

Skripti ndiyo inayoizuia kulala. Kwenye baadhi ya diski, kusoma joto huanzisha upya saa ya kulala. Maelezo ya drivetemp yenyewe yanaitaja WD120EFAX. Kama diski imepangwa kulala baada ya dakika 10, soma kila dakika 30. Lakini Kyela si Njombe: mchana wa Novemba ukiona nyuzi 55 zinapanda, fungua kasha ufute vumbi siku hiyohiyo, kwa kuwa diski nyingi za kawaida kikomo chao ni 60.