Swali la Lugha: Kaktasi ya Ujiji na "mti wa mawese"

Msomaji wa Ujiji, mkoani Kigoma, ameniandikia hivi: "Nimenunua mti wa kaktasi mdogo, wa mviringo, wenye miiba kila mahali, nikaupanda katika kopo la rangi ili upambe sebule. Jirani yangu mwalimu anasema jina lake ni dungusi kakati. Seremala wetu anauita mpungate. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Nzega, anasema huo ni mnyaa mchanga na utoke ndani kabla haujampofua mtoto. Tumfuate nani?"

Ndugu yangu, tuanze na mama mkwe, kwa kuwa katika wote hao ni yeye peke yake anayetaja jambo linaloweza kudhuru. Mnyaa ni mmea wa Afrika, ule wa vijiti vya kijani ambao watu wa Nzega na Igunga huupanda ukawa ua wa nyumba au boma la ng'ombe, na utomvu wake mweupe kama maziwa ukiingia jichoni huchoma vibaya, hata mtu akashindwa kuona kwa siku kadhaa. Hofu yake ina msingi. Hata hivyo mnyaa hauna miiba, na kimmea chako kina miiba. Wapo ndugu wa mnyaa walio na miiba, tena wengine huuzwa kama mapambo, kwa hiyo usiridhike na kuona miiba tu, tazama inapotokea. Miiba ya kaktasi huchipuka kwa pamoja kutoka katika kidoa kidogo chenye manyoya kama pamba, na vidoa hivyo hupangika kwa safu juu ya shina. Ukiviona, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba huo si mnyaa. Usikichome kisu ili kutafuta maziwa, kwa maana zipo kaktasi chache ambazo nazo huyatoa.

Mwalimu na seremala hawagombani kwa haki. Dungusi kakati ni jina utakalolikuta katika kamusi, ingawa mimi sijapata kulisikia likitamkwa na muuzaji yeyote katika soko la Mwanga. Mpungate ni jina la aina moja tu, ile yenye mashina bapa kama viganja vilivyounganishwa, inayozaa tunda liitwalo pungate, ambalo huliwa baada ya kuondolewa vimiiba vyake vidogo. Mmea huo si wa kuchezea: huko Laikipia nchini Kenya umetapakaa katika malisho, na mifugo inayokula matunda yake hujeruhiwa midomo na matumbo. Chako ni cha mviringo, basi si mpungate. Kiite kaktasi. Neno hili limetufikia kupitia Kiingereza, nalo lilianzia kwa Wagiriki wa kale, waliolitumia kwa mmea mwingine kabisa wa miiba kabla Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, hajaipa jina hilo mimea ya mabara ya Amerika mwaka 1753. Sema kaktasi hii, kaktasi hizi. Anayesema makaktasi simpendi, lakini simzuii.

Sasa niyarudie maneno yako mwenyewe, ambayo yameniudhi kuliko ubishi wote wa majirani: "mti wa kaktasi". Kaktasi ni mmea wenyewe. Haizaliwi na mti mwingine, wala haihifadhiwi ndani ya mti. Kusema "mti wa kaktasi" ni sawasawa na kusema "mnyama wa ng'ombe" au "samaki wa mgebuka", na hakuna mtu wa Ujiji atakayekwenda mwaloni kuomba auziwe samaki wa mgebuka.

Ugonjwa huu haukuanzia kwenye kaktasi. Umeanzia kwenye "mti wa embe", "mti wa chungwa" na "mti wa ndizi", semi ambazo siku hizi nazisikia kwa watoto wa mjini na, kwa masikitiko makubwa zaidi, kwa wazazi wao. Kiswahili kimetupa sauti moja fupi, m-, inayotenganisha mzazi na mzao: mwembe na embe, mpera na pera, mnazi na nazi. Mgomba umekwenda mbali zaidi, umepata jina lisilofanana hata kidogo na ndizi, nao kwa kweli si mti, bali shina lake ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Anayeuita "mti wa ndizi" amekosea lugha na amekosea shamba.

Lakini ule unaonitia uchungu ni "mti wa mawese". Nimeusikia Kigoma penyewe, katika mafunzo ya wakulima, kutoka kwa mtaalamu aliyesimama mbele ya wazee waliozaliwa chini ya michikichi. Mawese hayaoti! Mchikichi huzaa chikichi, zilizobanana katika mkungu. Chikichi huchemshwa, hupondwa, hukamuliwa, na hapo ndipo mawese mekundu hupatikana, huku kokwa ikipasuliwa ili kiini chake kitoe mafuta ya mise. Mtu anayesema "mti wa mawese" ameliruka tunda, ameiruka kazi yote ya akina mama waliokesha wakikamua, akaurukia moja kwa moja mtungi wa mafuta, kisha akaurudisha juu ya mti. Ni kama kumwita ng'ombe "mnyama wa samli". Wazee wale walinyamaza kwa adabu. Mimi nilinyanyua mkono, nikasema mchikichi, nikarudia mchikichi, na nitaendelea kurudia.

Pengine utaniambia kwamba kaktasi ni mgeni, na mgeni hapewi kiambishi cha nyumbani. Tazama basi wageni wengine waliotoka upande huohuo wa dunia. Mpapai, mpera, mkorosho, mnanasi na mparachichi yote asili yake ni mabara ya Amerika, na kila mmoja ulivishwa m- ukawa mwenyeji. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, nao unatamkwa leo kana kwamba ulikuwapo tangu enzi za mababu. Mpungate pia ni wa huko, na wahenga wetu hawakuuita "mti wa pungate". Kati ya aina zaidi ya 1,500 za kaktasi, ni moja tu inayoota yenyewe Afrika bila kupandwa, ikining'inia katika matawi ya miti ya misitu yenye unyevu. Nyingine zote ni wageni, na lugha yetu ilijua namna ya kuwapokea wageni.

Sikulazimishi useme "mkaktasi", maana neno hilo halijapata wasemaji na kaktasi linatosha. Ninalokuomba ni kuliondoa lile "mti wa". Andika: "Nimenunua kaktasi ndogo." Toboa tundu chini ya kopo, maana maji yakituama mizizi huoza, uiweke dirishani penye jua, juu kuliko mkono wa mtoto unavyofika. Na mama mkwe akirudi Nzega, mwombe akuletee habari za minyaa yake, kwa jina hilohilo.